Sindano ya baada ya kujifungua haifungi kizazi

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba sindano ya pajani anayochomwa mama mara tu mtoto anapotoka ni ya kumfunga kizazi kwa siri. Si kweli. Ni dawa iitwayo oksitosini, yuniti 10, ichomwayo ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kuzaliwa ili mji wa mimba ujikaze. Ukilegea, mama huvuja damu nyingi, na damu hiyo huua haraka. Nguvu ya sindano hiyo huisha ndani ya saa chache.

Mkanganyiko unaeleweka: tumbo huuma likijikaza, na wodini humo humo hutolewa ushauri wa uzazi wa mpango, ambao ni hiari. Una shaka? Kabla uchungu haujakolea, mwombe mkunga akuonyeshe jina kwenye kichupa. Ujumbe huo usiusambaze, ukikufikia uishie kwako.