Veronal na wenzake: dawa za usingizi zilivyogeuka hatari

Watu wanatuulizaga sana sisi wa famasi, mbona siku hizi madaktari wanakuwa wagumu kuandika dawa kali za usingizi. Jibu linaanzia Ujerumani, 1864, mkemia Adolf von Baeyer alipotengeneza asidi ya babituriki, ambayo yenyewe hailazi mtu hata kidogo, ikakaa tu maabara. Mpaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering wakatangaza ndugu yake, babitali, ikaingia sokoni kwa jina la Veronal na watu wakaipokea kwa furaha, maana zilizokuwepo zilikuwa mateso, bromaidi inajazana mwilini mpaka mtu anachanganyikiwa, paraldehaidi inanuka kwenye pumzi.

Tatizo liko kwenye dozi, na hapa naomba usome taratibu. Babitureti, yaani dawa za jamii hii ya Veronal, zinatuliza ubongo, ukizidisha zinafika mpaka sehemu inayoamuru upumue. Ukinywa kila usiku ubongo unazoea, kidonge kimoja hakikulazi tena unaenda viwili, halafu vitatu, lakini ile dozi ya kukata pumzi haipandi kwa kasi hiyo, yaani nafasi kati ya kulala na kufa inazidi kubana na wewe mwenyewe husikii chochote. Ukichanganya na pombe ndo kabisa. Na haina dawa ya kuizima ikishaingia, wodini tunamsaidia mtu apumue kwa mashine, tunasubiri mwili uitoe. Mwandishi wa Japani Akutagawa alijiua kwa Veronal 1927, Marilyn Monroe naye 1962 alikutwa na Nembutal nyingi mwilini, ni jamii hiyohiyo. Miaka hiyo ya 60 zikaingia dawa nyingine za kutuliza, za kundi la Valium, nazo zina uraibu wake, ila babitureti zikaanza kuachwa.

Sio zote lakini! 1912 daktari kijana wa Freiburg, Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa Luminal ili walale, akaona hata degedege zimepungua. Hiyo Luminal ndo fenobabitoni, bado iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu na kliniki zetu za kifafa zinaitegemea kwa sababu ni ya bei nafuu. Kama mwanao anaitumia usimkatishe ghafla hata akiwa mzima miezi, degedege zinaweza kurudi mfululizo bila kupoa, daktari ndo anaipunguza kidogokidogo. Na jirani aliyekosa usingizi usimgawie, hata nusu kidonge.