Mgodi mdogo wa dhahabu uliotelekezwa: yanayosemwa na ukweli wake

"Ulifungwa kwa sababu dhahabu iliisha."

Mara nyingi kilichoisha ni dhahabu iliyokuwa rahisi kukamatwa. Karibu na uso wa ardhi, maji ya mvua na oksijeni huozesha pairaiti (madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu), zikabaki kutu nyekundu na chembe huru za dhahabu. Jiwe hilo husagika upesi, na unga wake ukipitishwa juu ya sahani za shaba zilizopakwa zebaki, chembe hunasa. Shimo likifika usawa wa maji ya ardhini mambo hubadilika. Huko pairaiti ingali nzima, na dhahabu imefungiwa ndani yake mahali ambapo zebaki haifiki. Mavuno hushuka ghafla, ilhali jiwe lenyewe likipimwa maabara bado lina gramu zake za dhahabu. Wakati huohuo pampu za kuondoa maji zinaanza kula fedha. Mbinu ya sianidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu, iliyobuniwa 1887, iliokoa baadhi ya migodi, ila mawe mengine sugu yalihitaji kuchomwa kwanza, gharama iliyowashinda wadogo.

Kisha kuna bei. Kuanzia 1934 hadi 1971 bei rasmi ya Marekani ilikuwa dola 35 kwa aunsi ya gramu 31.1. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mishahara, magogo ya kuegemeza kuta na baruti vilipanda, bei ikabaki palepale. Kabla hujalaumu mwamba, tazama mwaka wa kufungwa.

"Basi bado imejaa humo."

Hapana. Ndani ya mkanda wa kwatzi, yaani jiwe jeupe gumu lililojaza ufa wa mwamba, dhahabu hukusanyika katika sehemu chache. Kwingine ni jiwe jeupe tupu. Mkanda wenyewe hukonda, au hukatwa na ufa na kusogezwa pembeni. Hata jiwe zuri linadanganya jicho: tani moja yenye gramu 10 ina dhahabu ya nusu sentimita ya ujazo tu, iliyosambaa kote. Sampuli moja iliyookotwa mlangoni haithibitishi chochote; hukatwa nyingi, kwa vipimo sawa, kukingama mkanda mzima.

"Volkano iliimwaga ikiwa imeyeyuka."

Mikanda mingi ya kwatzi iliwekwa na maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa, kilomita kadhaa chini ya ardhi, yakibeba dhahabu iliyoshikana na salfa. Shinikizo liliposhuka, au salfa ilipokutana na chuma cha miamba ya pembeni, dhahabu iliachwa.

"Kinachong'aa ukutani ni dhahabu."

Kigonge. Pairaiti huvunjika, dhahabu hubonyea. Ukiikwaruza kwenye kigae kisichong'arishwa, pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani, dhahabu mstari wa njano.

"Kiberiti kikiwaka, hewa ni salama."

Imani hii huua. Pairaiti na magogo yanayooza hula oksijeni, na kaboni dioksaidi hutuama mashimoni. Moto hauonyeshi kaboni monoksaidi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 10 mtu huzimia haraka, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Kipimo cha gesi ndicho cha kuaminiwa, na shimo lisilo na kipimo haliingiwi.

"Marudio ya zamani, yaani unga wa mawe uliotupwa baada ya kuchenjuliwa, ni mchanga tu."

Yana dhahabu iliyoponyoka, na pia zebaki iliyopotea kutoka kwenye zile sahani za shaba. Kuyatia moja kwa moja kwenye sianidi ni kosa kubwa, kwani sianidi huyeyusha na zebaki pia, ikawa rahisi kusafiri na maji hadi mtoni. Pima zebaki kwanza. Ikiwepo, iondolewe kabla ya sianidi kuguswa.