Darasa kimya si darasa yenye inaelewa

Hapa Goma muzazi akipita ku masomo akute batoto makumi sita banyamaze kabisa, anasema mwalimu uyu ni muzuri. Apana jamani! Kimya inaonyesha tu kama batoto banaogopa ao banakopia.

Mtoto wa dada yangu, wa ya tano primere, alinisomea kaye yake ya volkano bila kukosa hata neno moja, mu Kifaransa. Nikamuuliza, basi nionyeshe volkano. Akanyamaza, na Nyiragongo iko pale mbele ya mulango yetu inatoa moshi. Iliniuma sana.

Kurudilia maneno si kuelewa, na hata kwa kukumbuka, kurudilia haisaidie sana. Mu 2006, kule Marekani, watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walipatia banafunzi maandiko, bamoja wakarudilia kuyasoma, bengine wakayafunga na kuandika kile banakumbuka. Kisha dakika 5 benye kurudilia ndio walikuwa mbele, na ni pale tunadanganyika, juu kisha juma moja wao walikumbuka karibu 42% tu, wale bengine 56%.

Kwa hiyo mwalimu, wacha kuuliza "Mumeelewa?", juu darasa yote itajibu "Ndiyooo mwalimu", hata mwenye analala kule nyuma. Uliza swali moja, kila mtoto aandike jibu ku kibao yake ya choki, wote bainue pamoja. Utaona palepale nani amepotea, na kelele kidogo itakuwako, ni ya kazi ile.