Homa ya ini C pamoja na mafuta kwenye ini: tuanze na kipi?

Hilo ndilo swali tunaloulizwa sana kliniki na watu waliokutwa na yote mawili kwa mpigo. Virusi vianzishiwe dawa mapema, bila kungoja kitambi kipungue. Shida ni kwamba wengi wakishapona virusi hawarudi tena kliniki, na mafuta wanabaki nayo.

Kabla ya dawa, hakikisha virusi vipo kweli. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta kingamwili, na hizo hubaki hata kwa aliyekwisha kupona, kwa hiyo unahitaji kipimo cha pili cha virusi vyenyewe. Omba upimwe na homa ya ini B pia. Hapa Uganda B imeenea zaidi, hasa kaskazini, na dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala hadi ini likashindwa kufanya kazi. Mtajie daktari kila dawa unayomeza: rifampisini ya kifua kikuu, kwa mfano, haiendi pamoja na dawa hizi.

Dawa zenyewe ni tembe, sofosbuvir pamoja na daklatasvir au velpatasvir, na kwa wagonjwa wengi ni wiki 12. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Kupona huthibitishwa kwa kipimo wiki 12 baada ya kumaliza dawa, wala hakukukingi usiambukizwe tena.

Sasa mafuta. Kirusi cha C aina ya 3 hujaza ini mafuta chenyewe, na kikiondoka mafuta hupungua. Lakini Afrika ya Kati na Mashariki aina ya 4 ndiyo imeenea sana, na hapo mara nyingi chanzo ni kiuno kipana, kisukari au pombe. Hayo hayatibiwi na tembe za virusi. Tena baadhi ya watu huongezeka uzito baada ya kupona, na lehemu (kolesteroli) ya damu ikapanda.

Mtu akiambiwa ini lina mafuta, haraka anaacha nyama na binyebwa (karanga), soda anaendelea nayo. Ini hutengeneza mafuta lenyewe kutokana na sukari na wanga uliozidi. Tazama sahani yetu ya mchana mjini Kampala: matoke, posho (ugali), wali na viazi vyote pamoja, nyama vipande viwili juu, na dodo (mchicha) kijiko kimoja pembeni. Asubuhi ilikuwa chai ya sukari na chapati. Jioni ni rolex mbili, yaani chapati zilizoviringwa na mayai, na soda. Chagua wanga wa aina moja, nafasi iliyobaki ijaze mboga za majani kama dodo na nakati, maharage au samaki. Soda iache kabisa. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 6 hadi 9, polepole, uvimbe wa ini hutulia. Binyebwa hazina ubaya, ila zenye ukungu zitupe, usizisage: sumu yake, aflatoksini, huleta saratani ya ini.

Kahawa isiyo na sukari inaruhusiwa. Wanaoinywa mara kwa mara huonekana kuwa na makovu machache ya ini. Ajabu ni kwamba tunailima na kuiuza nje, wenyewe tunakunywa chai.

Pombe sina la kupunguza. Waragi, malwa, tonto, bia: kwa ini lenye mizigo miwili hakuna kiasi salama. Dawa za mitishamba za "kusafisha ini" nazo ziache. Nyingine ndizo zinazoliumiza.

Uliza pia ini lako limepata makovu kiasi gani. Pasipo mashine ya kupima ugumu wa ini, daktari anaweza kukadiria kwa umri wako, vimeng'enya vya ini na hesabu ya chembe sahani (zile zinazogandisha damu), vipimo vya damu vya kawaida. Kama ini limeshasinyaa kwa makovu, altrasaundi ni kila miezi 6 hata virusi vikiwa vimekwisha, kwa sababu hatari ya saratani haiondoki navyo. Na ukiona tumbo linajaa maji, macho yanakuwa manjano, unatapika damu au ndugu zako wanasema unachanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.