Maana ya "seti" katika ukusanyaji wa sarafu

"Nina seti ya sarafu mia nne." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno. Ukimuuliza mwenyewe ni seti ya nini, anakufungulia albamu: sarafu za nchi hii na ile, za miaka hii na ile, kila moja imefutwa vumbi na kupangwa kwa uangalifu. Ni mali nzuri, na ana haki ya kuionea fahari. Ila si seti. Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mtu aliyetaka kuingia kwenye mashindano ya seti na hakuelewa kwa nini sarafu zake nyingi hazikuwa na pa kuandikishwa. Alidhani amebaguliwa. Nikaona heri niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Seti ya sarafu ni sarafu zinazojaza orodha fulani, moja kwa kila nafasi. Mashindano ya seti ni kuwapima watu wanaojaza orodha ileile: nani amebakiza nafasi chache zaidi, na sarafu za nani ziko katika hali bora zaidi. Basi. Kinachohitaji maelezo ni hilo neno orodha, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Seti tumelipata kwa Waingereza. Wao walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, sette, na nyuma yake kuna Kilatini, secta, maana yake ufuasi: watu wanaoandamana nyuma ya mtu mmoja au njia moja. Mzizi ni kitenzi sequi, kufuata. Sasa, Kiingereza kina pia kitenzi kinachoandikwa vilevile chenye maana ya kuweka. Maneno hayo mawili yameambukizana kwa karne nyingi hadi watu wakaamini seti ni vitu vilivyowekwa pamoja, wakati asili yake ni vitu vinavyofuatana. Mtu anaweza kuona huku ni kupasua unywele, lakini kwangu mimi jambo zima limo humu. Ili kuweka vitu pamoja, sanduku linatosha. Ili vitu vifuatane lazima kuwe na kanuni inayosema kipi kinamfuata kipi, na kanuni hiyo iwepo kabla hujashika sarafu hata moja.

Nashuku somo la hisabati nalo limechangia, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba seti ni kundi la vitu vyovyote utakavyovitaja. Lakini hata seti ya hisabati ina nidhamu ambayo mwenye albamu ameisahau: ukiitaja namba saba mara kumi, ndani ya seti bado kuna saba moja. Sarafu kumi na mbili za aina moja na mwaka mmoja zinajaza nafasi moja. Kumi na moja zilizobaki ni akiba, za kubadilishana na wenzako.

Orodha hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Nchini Marekani, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mkusanyaji aliridhika na sarafu moja ya kila mwaka. Kiwanda kilichoitengeneza, kiwe Philadelphia, New Orleans au San Francisco, hakikumshughulisha. Mwaka 1893 mchoraji Augustus Heaton alichapisha kijitabu akieleza kwa nini ile herufi ndogo kwenye sarafu, inayoonyesha kiwanda kilichoitengeneza, inastahili kuangaliwa, na taratibu orodha zikarefuka: mwaka mmoja uliokuwa na nafasi moja sasa ukawa na mbili au tatu. Miaka ya 1930 zikaja mbao za kadi zenye matundu ya kupachika sarafu, kila tundu likiwa na mwaka na herufi yake chini. Nadhani hapo ndipo maana ya seti ilipoonekana kwa macho. Ubao unauza matundu, na tundu tupu ndilo linalomwamsha mtu usiku.

Chukua senti ya Lincoln ya 1909 yenye herufi V.D.B., yaani Victor David Brenner, aliyeichora. Philadelphia ilitengeneza karibu milioni 28. San Francisco ilitengeneza 484,000 tu. Sura ni ileile, mwaka uleule, shaba ileile. Tofauti ni herufi S chini ya tarehe. Asiye na orodha anaona sarafu mbili zinazofanana, pengine akauza moja. Mwenye orodha anajua kwamba amemaliza tundu rahisi na bado ana lile gumu.

"Seti kamili" nayo husemwa ovyo. Mfano mkubwa kuliko yote ni Louis Eliasberg, mwenye benki wa Baltimore, ambaye mwaka 1950 alikamilisha sarafu za Marekani zilizojulikana wakati huo, kwa mwaka na kwa kiwanda. Ya mwisho ilikuwa ya senti 10 ya 1873 kutoka kiwanda cha Carson City, isiyo na mishale kando ya tarehe, ambayo inajulikana moja tu duniani. Alifariki mwaka 1976. Miaka miwili baadaye ikajitokeza sarafu ya senti 5 ya fedha ya 1870 yenye herufi S, ambayo kumbukumbu za kiwanda hazikuwa na habari zake. Je, seti ya Eliasberg haikuwa kamili? Ilikuwa kamili. Orodha ndiyo iliyoongezeka baada yake. Ukamilifu ni sifa ya sarafu zako mbele ya orodha uliyoitaja, kwa hiyo anayesema "kamili" bila kutaja orodha hajasema kitu.

Hata orodha yenyewe hugombaniwa. Dola za zamani za Morgan, yaani sarafu za fedha za dola moja za Marekani zinazoitwa kwa jina la mchoraji wake, zilitengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Vitabu vya kiwanda cha Philadelphia vinasema mwaka 1895 zilitoka 12,000 za matumizi ya kawaida, lakini hakuna moja iliyopata kuthibitishwa. Zilizopo ni za pruufu, yaani zilizopigwa chapa kwa umaridadi maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, na zilitengenezwa 880. Wapo wanaosema tundu la 1895 lijazwe kwa pruufu, wapo wanaosema pruufu si ya mfululizo huo na tundu lifutwe. Mimi niko na wa kwanza, kwa sababu mwaka upo na sarafu ipo. Ila naheshimu kwamba kila upande unasema wazi orodha yake ni ipi.

Sasa mashindano. Kampuni mbili za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyofuata 1987, hukagua sarafu, huipa daraja kuanzia 1 hadi 70 na kuifunga ndani ya plastiki yenye namba yake. Namba hiyo ndiyo inayoandikishwa kwenye rejista ya seti, yaani daftari la kampuni linalopanga seti za washindani kwa alama, na sarafu moja haiwezi kuhesabiwa kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Rejista ya PCGS huzidisha daraja la kila sarafu kwa uzito wake, namba inayoonyesha ugumu wa kuipata, kisha hugawanya jumla kwa uzito wa orodha nzima. Tundu tupu ni sifuri. Tuseme orodha ina nafasi tatu zenye uzito wa 1, 1 na 8. Mwenye zile mbili rahisi, zote za daraja la 70, anapata 140 kugawanya kwa 10, yaani 14. Mwenye ile ngumu peke yake, imechakaa hadi daraja la 20, anapata 160 kugawanya kwa 10, yaani 16. Sarafu moja kuukuu imezishinda mbili zinazong'aa. Yule jamaa wa sarafu mia nne angeielewa hesabu hii, angeacha kuhesabu kurasa za albamu.

Je, seti ipi inafaa kuhangaikiwa? Hapa nasema langu. Seti yenye maana ina kanuni ambayo unaweza kumwambia mgeni kwa sentensi moja naye akaendelea kuijaza bila wewe. Pia ina angalau nafasi moja inayouma, ambayo itakufanya usubiri miaka. Seti ambayo kila nafasi yake inajazwa kwa oda moja haina pa kumpima mtu, na hapo mashindano hugeuka kuwa ya vipande vya daraja visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2003 senti moja ya pruufu ya 1963 iliuzwa mnadani kwa dola 39,100 kwa sababu ilikuwa na daraja la 70. Senti za pruufu za mwaka huo zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Baadaye nyingine nyingi zikapewa 70 na bei ikaporomoka. Aliyenunua hakununua sarafu adimu. Alinunua nafasi ya juu kwenye rejista, na nafasi ya namna hiyo hudumu mpaka mwenzake apeleke ya kwake ikakaguliwe.

Jambo jingine ambalo rejista hailipimi vizuri ni ulinganifu. Senti kubwa za shaba za 1793 hadi 1857, zote zimechakaa kwa kiasi kimoja na zote zina rangi moja ya kahawia, kwangu mimi ni seti nzuri kuliko ileile yenye nusu inayong'aa na nusu isiyosomeka, hata kama wastani wa daraja ni mmoja. Zikipangwa mezani unaona zinafuatana kweli.

Mwenye zile mia nne nilikaa naye jioni nzima. Hatukutupa hata moja. Tulitoa pensi za Uingereza za mfalme George V, tukaandika miaka kuanzia 1911 hadi 1936, tukapiga mstari juu ya 1923, 1924 na 1925 kwa kuwa hazikutengenezwa, na 1933 tukaizungushia duara, kwa kuwa zilitengenezwa chache mno na baadhi zikafukiwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Alikuwa na kumi na sita. Nilimwambia kwamba hizo kumi na sita, pamoja na karatasi ile yenye matundu yake, ndizo seti aliyo nayo. Zilizobaki aendelee kuziita mkusanyiko, jina ambalo halina aibu yoyote.