Kipande Kilichokatika Nacho Kina Kazi

Ukitazama tairi unaona mpira mtupu, kumbe ni mseto. Mna mpira wenyewe, masizi au silika (madini yaliyomo mchangani) ya kuuimarisha, mafuta ya kuulainisha, salfa ya kufunga minyororo ya molekuli zake, oksidi ya zinki, vichapuzi vya kuharakisha kufunga huko, na dawa za kuukinga usichanike kwa hewa na jua. Vingi kati ya hivyo, hata mpira wenyewe ukiwa wa kiwandani, hutokana na mafuta ya petroli. Katika maabara yetu tunachotafuta ni vya kushika nafasi hiyo kutoka kwenye mimea: lignini, ile inayoupa mti ugumu, badala ya masizi, silika ya majivu ya makapi ya mpunga, mafuta ya soya.

Kazi iko kwenye vipimo. Chukua viungo 8, kila kimoja ukipe viwango 5: unapata michanganyiko 390,625. Ukijaribu 10 kwa siku bila kupumzika, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 100.

Hapo roboti na akili mnemba hushirikiana. Roboti inapima, inachanganya, inakandamiza kwa joto, kisha inakata kipande chembamba kiunoni, inakishika ncha zote mbili na kukivuta. Kipande kinarefuka, kinapauka katikati, pa! kimekatika. Programu inasoma nguvu na urefu, inakisia mchanganyiko unaofuata, na inasema ina uhakika kiasi gani. Wakati mwingine huchagua mahali isipojua kitu kabisa, ili ijifunze.

Ndiyo maana nasisitiza: andikeni pia vilivyoshindikana. Maabara nyingi hutunza matokeo mazuri na kutupa mabaya, na kwangu hilo ni kosa kubwa. Programu iliyolishwa mafanikio peke yake haijui ukingo uko wapi.

Na kipimo tunachopaswa kukifikia, mpira wa asili unaotoka kwenye utomvu wa mti, ni kigumu kweli. Mpira huo ukivutwa, molekuli zake hujipanga na kuwa fuwele, na ufa hukwama hapo. Ndiyo sababu tairi za ndege bado zinautegemea. Lakini karibu wote hutoka kwa aina moja ya mti, Hevea brasiliensis, na hiyo ni hatari. Katika miaka ya 1930, ukungu wa majani uliteketeza mashamba ya mpira ya Henry Ford, mtengenezaji wa magari, huko Fordlandia, Brazili. Wapo mbadala, kama kichaka cha guayule na dandelioni ya Asia ya Kati, ila mpira wa mimea hiyo huja na utomvu na protini tofauti, hivyo roboti lazima ipime malighafi kwanza kila shehena inapofika.

Jambo moja watu hulikosea: mpira kutoka kwenye mmea hauozi upesi kwa sababu tu ya asili yake. Vifungo vya salfa vikishakaza, kuuyeyusha upya haiwezekani. Kwa hiyo sasa tunaipa programu malengo mawili kwa pamoja: uimara, na vifungo vinavyofunguka kwa joto tairi inapochakaa.