Ombi kupokelewa si pesa kuingia

Wenye maduka ya mtandaoni nchini Kenya wengi hudhani kwamba mfumo wa M-Pesa ukishalijibu ombi la malipo la duka kwa ResponseCode 0 (namba ya jibu la kwanza), mteja amelipa. Wapi! Sifuri hiyo yasema tu kuwa ombi limepokelewa; huenda mteja hata hajaweka PIN. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani ya tovuti uliyoitaja katika ombi, yakiwa na ResultCode (namba ya matokeo): 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi. Hapo ndipo oda iandikwe “imelipwa”, tena baada ya kulinganisha kiasi kilicholipwa na bei iliyo kwenye hifadhidata yako. Bei iliyotumwa na kivinjari cha mteja usiiamini, kwani mjanja yeyote aweza kugeuza 2,500 ikawa 25.